Usingizi Niliouomba

Mimi si mtu wa sala ndefu. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiniona na rozari shingoni hunidhania makubwa. Miaka ya sabini, tulipokuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Inyonga, sala zangu zilikuwa zile za kila mtu: Baba Yetu asubuhi, Salamu Maria jioni, na katikati ni jembe. Mwenye maneno mengi kwa Mungu alikuwa mume wangu. Alikuwa mrina asali, na kazi ya kupanda mti mrefu na moto mkononi, huku nyuki wakikuimbia masikioni, humfundisha mtu kuongea na Muumba wake bila kusukumwa na padri.

Siku tuliposhushwa kwenye lori pale kijiji kipya, kiongozi aliyetupokea alituambia mengi mazuri. Shule itajengwa, zahanati itakuja, kisima kitachimbwa. Akasema pia kwamba malale yamekwisha. Ugonjwa ule, alisema, ulikuwa wa watu wanaokaa mmoja mmoja porini, wakiumwa na ndorobo, wale inzi wanaokung'ata hata juu ya shati. Sasa tumekusanyika, miti imefyekwa, ndorobo hawana pa kukaa. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini mizinga ya mume wangu ilibaki kule kule porini ilikotundikwa, mwendo wa siku mbili, na hakuna kiongozi aliyekuja kuihamisha. Aliendelea kuifuata.

Aliporudi na asali ya mwisho kabla ya mvua, alikuja na homa. Homa kwetu haikuwa habari ya kumsimulia mtu. Alimeza vidonge, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. Kilichonishtua mimi ni hasira. Mume wangu alikuwa mpole wa kuudhi. Mbuzi wa jirani akila mahindi yetu, yeye alimwondoa kwa adabu kana kwamba anamsindikiza mgeni. Sasa akaanza kunifokea kwa ajili ya maji ya kuoga, kwa ajili ya mlango, kwa ajili ya watoto kukohoa. Na usiku halali. Anatoka, anaizunguka nyumba, anakwenda hadi barabarani na kurudi, anakaa kizingitini akiongea na watu nisiowaona. Nikimfuata ananifukuza. Nisipomfuata, nalala macho wazi nikisikiliza nyayo zake. Asubuhi nakwenda shamba la kijiji na macho mekundu, na kwenye mstari wa palizi wanawake wenzangu wananitania kwamba bwana amerudiwa na ujana. Nilicheka nao. Sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Mwishowe nikalipeleka neno hilo kwenye jumuiya. Tulikuwa nyumba chache za Wakatoliki, tukikutana mchana kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Padri alifika mara moja moja kwa pikipiki yake, mvua ikimruhusu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa ni katekista wetu, tuliyemwita mwalimu, mtu mfupi mwenye sauti iliyokuwa kubwa kuliko kile kikanisa chetu cha kigango. Alisema jambo moja siku ile ambalo bado nalisikia.

"Mama, unataka tumwombe Mungu kitu gani hasa? Sema wazi. Mbele ya Mungu mtu hazungukizunguki."

"Usingizi," nikasema. "Mume wangu apate usingizi."

Basi tukaomba usingizi. Tulimweka katikati kwenye kigoda, anatetemeka mikono, ananiangalia kwa jicho baya kwa sababu nimemwaibisha, na sisi tumemzunguka tunaomba. Mmoja aliomba alale kama zamani. Mwingine aliomba alale kama mtoto aliyeshiba. Mwalimu alipaza sauti hadi kuku wakatoka uani. Wiki iliyofuata tukarudia, na nyingine tena, kwa sababu wanajumuiya wenzangu walikuwa watu wema na walinihurumia.

Akaupata. Kwanza alianza kusinzia alfajiri, baadaye asubuhi yote, baadaye na alasiri. Hasira zikaisha. Nikimwita anaitikia taratibu, ananitazama kidogo, anafumba macho. Na mimi nikalala. Sitaki kudanganya, zile zilikuwa siku za raha. Nililala mchana, nililala jioni na mwiko mkononi, nikaamka nimependa watu wote. Niliamini kwamba Mungu amenisikia mimi, kwa jina langu, mtu wa Mpimbwe niliyeolewa mbali na kwetu.

Jumapili moja mwalimu akatangaza shukrani. Nilipeleka altareni jogoo aliyefungwa miguu na kikapu cha unga wa muhogo, wanawake wakapiga vigelegele, mwalimu akahubiri juu ya watu wanaoomba bila kuchoka na akanionyesha kwa kidole. Wakati huo huo mume wangu, mwenye shukrani yake, alikuwa amelala kwenye benchi la mbele, kidevu kifuani. Mtu akataka kumwamsha. "Mwacheni," mwalimu akasema, "kila mtu amshukuru Mungu kwa namna yake." Kanisa zima likacheka kwa upendo, na mimi nikacheka kuliko wote.

Habari za shukrani zikamfikia mama mkwe wangu, aliyekuwa anakaa kijiji kingine kwa binti yake. Akaja kumwona mwanawe, na uyoga mkavu ndani ya kitambaa. Nikapika, nikawatengea pamoja, mama na mwana. Mume wangu akamega tonge, akalifinyanga, akachovya mchuzi. Kabla halijafika mdomoni mkono ukasimama. Macho yakafumba. Akabaki hivyo, tonge limeinuliwa, mchuzi unamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Ndiyo usingizi wake huo, mama," nikasema nikitabasamu. "Mungu ametusikia."

Yeye hakutabasamu. Alilitoa tonge kwenye vidole vya mwanawe, akalirudisha kwenye sahani, akamfuta mkono kwa kanga yake.

"Kabla ya huu usingizi alikuwa anatembea usiku?"

"Alikuwa anatembea, mama."

"Mkali?"

"Mkali sana."

Akasema kitu kwa Kikonongo. Mimi Kikonongo chao nilikisikia nusu, na nusu ile ilinitosha kuogopa. Kisha akanirudia kwa Kiswahili, polepole, ili nisipotewe na neno hata moja. "Baba yake alianza hivi hivi. Malale hayaanzi na kulala, mwanangu. Yanaanza na kutembea. Kulala ndiyo mwisho wake. Nyie mmeshukuru nini?"

Mpaka leo nashindwa kulisamehe jina la ugonjwa ule. Sisi wa vijiji vile tulijua malale ni mtu kulala; neno lenyewe linasema hivyo. Mtu anayezunguka usiku kucha akigombana na giza, nani angemwita mgonjwa wa malale? Tukamwombea alale. Yaani tulipiga magoti, watu wazima na akili zetu, tukauomba ugonjwa umalize kazi yake, na ulipokaribia kuimaliza tukapiga vigelegele. Nilijiona kama mtu aliyeagiza chumvi dukani akaletewa magadi, akatia kwenye mboga, akawasifu wauzaji.

Nilikwenda kwa mwalimu jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Lakini, mama, sisi tulishashukuru," akasema. "Mbele ya kanisa zima. Tukirudi tena kuomba jambo lile lile itakuwa tunamrudishia Mungu kitu chake."

"Basi mrudishie!" nikasema, na nilisema kwa sauti hadi mkewe akatoka jikoni. "Mwambie nimepewa kisicho changu. Mwambie akichukue. Wewe si ndiye uliyesema tusizunguke?"

Nikaondoka bila kuaga. Njiani nililia kwa uchovu zaidi ya huzuni. Kijiji kizima kilikuwa kimemaliza kuomba kwa ajili yangu. Habari yangu ilikuwa imefungwa, imewekewa amina. Nani angeanza nami upya? Na mimi mwenyewe, nilipojaribu kuanza, nilikuta siwezi. Mdomo ulikuwa mzito. Nilikuwa namwogopa Mungu anayetoa kile unachosema.

Zahanatini hapakuwa na dawa ya malale. Dawa ilikuwa mjini Mpanda, na ilikuwa katikati ya masika. Magari yaliacha kuja kwetu, isipokuwa lori lililoleta mahindi ya njano ya njaa. Mama mkwe wangu akasema atabaki na watoto, mimi nimpeleke mume wangu kwa lori hilo, likirudi. Tatizo ni kwamba siku hizo mume wangu akiamka katikati ya usingizi alikuwa akiamka kwa kishindo, anapiga, anataka kukimbia. Ilibidi afungwe. Hakuna jirani aliyetaka kumfunga. Nilikuwa nimekaa naye kando ya barabara, nimemlaza mapajani, nikiwaza nimfunge kwa kanga ipi, nilipomwona mwalimu anakuja na kamba ya kitanda begani.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," nikajibu, nikiangalia pembeni.

Akapiga magoti kwenye tope, akamfunga mume wangu mikono, kwa upole, akitanguliza kitambaa ili kamba isimchune. Kila fundo alilolifunga alilifanyia ishara ya msalaba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Hapo ndipo hasira yangu juu yake ilipokwisha.

Dereva alipomwona mtu wa kamba akakataa katakata. "Mama, mimi nabeba mahindi. Sibebi vichaa, tena huyu atanifia njiani, nitaulizwa."

Nilimsihi. Nilimsihi tena. Alikuwa ameshawasha gari. Mwalimu akaenda akasimama mbele ya boneti, karibu kabisa, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti yake ile. Akamwombea dereva. Akaombea injini, breki, na taa moja iliyokuwa nzima. Akamwombea mke wa dereva, na watoto wake, na mama yake mzazi popote alipo, hai au marehemu. Dereva akapiga honi. Mwalimu akaiombea honi. Watu walijaa. Hatimaye dereva akatoa kichwa dirishani. "Basi, mwalimu, basi. Wapandisheni. Lakini nyuma!"

Hiyo ndiyo sala pekee katika habari hii niliyoona ikijibiwa papo hapo, na nadhani aliyeijibu ni dereva.

Mto wa kwanza tuliuvuka. Wa pili ulikuwa umepita juu ya daraja la magogo, maji mekundu yanakwenda na matawi mazima. Tukakaa pale. Dereva alilala mbele, mimi na mgonjwa nyuma chini ya turubai, mvua inatwanga. Tulikula mahindi ya njano yaliyokuwa yamemwagika kutoka kwenye magunia wakati wa kuja; niliyaokota moja moja kwenye nyufa za mbao, nikayakaanga kwenye kopo. Mume wangu alikuwa anaamka kunywa maji tu. Kila siku kuamka kwake kulikuwa kugumu zaidi. Nilimpiga makofi mashavuni, nikamwita kwa jina la utani la ujana wake ambalo hata mama yake halijui, na jicho lilifunguka nusu na kufumba.

Asubuhi moja nilikaa ukingoni nikasema, "Ee Mungu, punguza maji haya." Nikaogopa. Maji yakipungua, kuna nini ng'ambo? Labda tope litakalotumeza. Labda tutafika mapema mahali pa kufia. Sikujua la kuomba lisilonigeuka. Nilikuwa nimechoka mwili, nimechoka akili, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemchoka Mungu pia, nikamwambia hivyo hivyo. Halafu, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, nikamwambia neno moja dogo ambalo sikuona lingeweza kuharibikia wapi: mwamshe kesho. Sikuomba apone. Sikutaja mto, wala dawa, wala watoto. Mwamshe kesho asubuhi, basi, keshokutwa tutaonana tena.

Kesho yake aliamka. Vibaya, kwa shida, akinitukana, lakini aliamka. Nikaomba tena ile ile. Tukaendelea hivyo, mimi na Mungu, siku kwa siku, kama watu wawili waliogombana ambao bado wanapika chungu kimoja. Maji yalipungua yenyewe bila mimi kuyataja.

Hospitalini Mpanda daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi kama yangu. Alimtoa mume wangu maji ya mgongo kwa sindano ndefu. Kwetu ilisemwa kwamba ukichomwa pale hutembei tena, nikamshika mume wangu miguu mpaka wakaniondoa. Jibu lilipotoka, daktari aliniita pembeni.

"Mama, malale yamefika kwenye ubongo. Dawa ipo, lakini ni dawa kali, inachoma mishipa. Wengine dawa yenyewe inawaua. Tukiacha, ugonjwa utamwua, hilo ni hakika. Wewe ndiye mke wake. Unasemaje?"

Niliangalia nyuma yangu, nikitumaini kuna mtu mzima mwingine anayeulizwa. Hakuwepo. Shemeji zangu walikuwa mbali, mwalimu mbali, mama mkwe mbali. Nilikuwa nimejiapiza kutosema tena mbele ya Mungu neno la kuamua jambo, na hapa naambiwa niseme mimi.

"Mchome," nikasema.

Walimchoma kwa vipindi, wakipumzisha katikati. Alilia kwa maumivu, yeye ambaye nyuki walimvimbisha uso asigune. Baada ya kipindi kimoja akashikwa na degedege. Alijikunja, povu likamtoka, manesi wakamshika wanne. Daktari alipomaliza kufanya aliyoweza, alinishika bega akaniambia nimwombee. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilijaribu kulisema neno langu la mtoni, na neno hilo moja nalo likanishinda. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikasema, "Wewe unajua." Nikajilaza kwenye sakafu kando ya kitanda chake, nikalala. Mume wangu yuko kwenye kufa, na mimi nikalala fofofo. Sikuwa na imani kubwa, msinielewe vibaya. Nilikuwa sina tena cha kusimamia, nikamwachia.

Niliamshwa na mguu. Mguu wa mume wangu ulikuwa unaning'inia kitandani na unanisukuma mbavuni.

"We mama. Uji uko wapi?"

Nikaruka, nikampa uji uliokuwepo. Akaonja. Akanirudishia kikombe. "Hauna sukari."

Wakati ule sukari ilikuwa adimu. Nilizunguka maduka yote ya Kashaulili, pale pale mjini, duka hadi duka, naambiwa hakuna, njoo wiki ijayo, huku kanga imelowa, miguu imejaa tope, nikimlaani mwanaume yule asiye na shukrani, anayetaka sukari siku ya kwanza ya kufufuka. Mama mmoja wa Kiislamu, mwuza samaki wakavu wa ziwani, akaniuliza kinachoniliza. Sikuwa najua kwamba ninalia. Nilipomweleza alinifungulia pindo la kanga yake, akanipa sukari yake, kidogo ya chai, akakataa chochote.

Tulirudi kijijini wakati wa mavuno. Mkono wake wa kulia ulibaki na mtetemo, na hakupanda mti tena; mizinga akamwachia mdogo wake. Mwalimu alikuja na daftari lake la matangazo, uso ukimng'aa, akauliza Jumapili ipi tutangaze shukrani. Nikamwambia, "Mwalimu, tungoje kwanza kidogo." Alinielewa. Akangoja, tena mwaka hadi mwaka, mpaka akahamishiwa kigango kingine.

Kwa sababu mimi sikuweza tena kuuamini usingizi wa mtu. Mume wangu akijilaza, mimi nasema lile neno langu, mwamshe kesho, kisha nasikiliza anavyopumua mpaka nipitiwe. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, wakaniletea wajukuu wanaonicheka kwamba bibi anamlinda babu kama mwizi atakuja kumwiba. Wageni wakisali sala ndefu nyumbani kwangu naitikia amina kwa heshima. Zangu zimebaki fupi. Sikumwomba Mungu miaka. Kila jioni nilimwomba asubuhi moja, na kila asubuhi mzee aliamka akiulizia chai.

Mwaka jana, asubuhi moja, hakuamka. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mzee, amekula vizuri jana yake, amenitania. Nilimshika uso, ulikuwa baridi. Nilitegemea nitamkasirikia Mungu, nikaitafuta hasira hiyo moyoni, sikuikuta. Kulikuwa kumekucha kabisa, majogoo wameshanyamaza, na wajukuu walikuwa wanachota maji nje. Nikajilaza kidogo kando yake, kwa sababu nilikuwa nimechoka, halafu nikaenda kuwaita watu.